Nilitaka Mchungaji Awe Mmoja Tu, Kaka Yangu

Jina langu msilitafute. Kosa ni langu, nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, kitenge cha akina mama wa kanisa kiunoni. Simsingizii shetani, maana wengi wetu tukikwama tunamtupia yeye mzigo.

Mimi ni mama wa hapa Mbeya, nauza mchele Mwanjelwa. Mchungaji wetu alikuwa kaka yangu, tumbo moja, yeye mkubwa. Baba alipofariki ni yeye aliyenilea. Sasa fikiria, Jumapili kanisa zima linasimama kaka yako akiingia. Jamani, nilivimba kichwa. Hata sokoni walikuwa wananiita "dada wa mchungaji", na mimi naitika.

Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutupangia. Wachungaji wawe wangapi, nani aje, nani aondoke, washirika tunaamua wenyewe kwenye kikao kwa kunyoosha mikono. Basi siku hiyo Kaka akasimama akasema kazi imemzidi. Kanisa la mjini, tawi la kule Usangu kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, wagonjwa, misiba. Akaomba tuite mchungaji wa pili. Tena asiwe msaidizi, wawe wawili sawasawa.

Mzee mmoja akauliza, "Wasipoelewana, neno la mwisho ni la nani?"

Kaka akajibu, "La washirika, kama siku zote."

Watu wakacheka, mikono ikanyooka. Wangu niliukalia.

Akaja kijana kutoka Kalenga, kule Iringa, na mke wake na mtoto mchanga. Tukamwita Mchungaji Kijana. Mpole, Mhehe wa watu, anasalimia mpaka watoto wanaocheza njiani. Hakunikosea chochote, lakini sikumpenda tangu siku ya kwanza. Mimi niliona kiti cha kaka yangu kimekatwa nusu.

Kwenye kikao nilishindwa, nikahamishia vita jikoni, maana huko mkuu ni mimi. Mnajua wenyewe firigisi ya kuku ni ya nani. Ni ya mkubwa wa nyumba au mgeni wa heshima, mtoto haigusi. Jumapili tukiwapikia wachungaji tulikuwa tunachinja kuku wawili, kwa hiyo firigisi ni mbili. Moja naiweka kwenye sahani ya Kaka. Ya pili naila mwenyewe jikoni, nimesimama, natazama mlango.

Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Mama, si wako wawili?"

"Mkubwa ni mmoja," nikamjibu, nikaendelea kutafuna.

Maji ya kunawa, Kaka kwanza. Mgonjwa akinipigia anataka maombi, namwita Kaka peke yake, hata kama Mchungaji Kijana amekaa hapo nje hana kazi. Naye anakula shingo ya kuku niliyomwekea, anashukuru, anaaga. Ule upole wake ulinichoma kuliko matusi.

Basi nikafanya lile ambalo mpaka leo likinijia chakula hakipiti.

Nilikuwa naondoa vyombo mezani nikamsikia akimwambia Kaka, "Mzee, wiki hii pumzika, Usangu niachie mimi." Maneno ya heshima kabisa, kama mtoto kwa baba. Kesho yake nikaenda kwa Kaka. Nikamwambia, "Huyo unayemkumbatia anawaambia vijana wa kwaya kwamba umechoka, bora urudi nyumbani Tukuyu ukalime ndizi."

Kaka akaniangalia. "Umesikia kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu."

Hakuuliza tena. Angeuliza nini, wakati mimi ni dada yake na sikuwahi kumdanganya?

Tangu hapo Kaka akaacha kumpigia simu. Usangu akawa anakwenda mwenyewe, vumbi lote lile, mgongoni mwa bodaboda. Mazishi yeye, mahubiri yeye, ndoa yeye. Mimi nafurahi, naona heshima imerudi nyumbani. Na yale maneno niliyompelekea Kaka nikayapeleka na kwa akina mama wawili watatu, kwa siri. Siri gani sasa, ilizunguka kanisa lote.

Kikao kilichofuata, Mchungaji Kijana akasimama mbele ya watu. "Mzee, kama nimekukosea, niambie hapa hapa, mbele ya washirika, nitubu."

Kaka akasema, "Unajua mwenyewe."

"Mzee, sijui."

Mke wake alikuwa kiti cha mbele yangu, mtoto mgongoni, akageuka akanitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi. Neno moja tu lilitosha, nisimame niseme nimesema uongo, yaishe. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Wiki haikuisha, wakafunga mizigo wakarudi Kalenga.

Ikafika siku ya ubatizo. Sisi tunazamisha mtu mzima mzima kwenye maji mengi, na bwawa letu liko nyuma ya kanisa, wazi. Asubuhi za Mbeya za majira ya baridi mnazijua. Wakati wapo wawili walikuwa wanasimama majini mmoja huku, mmoja huku, wanasaidiana. Safari hii Kaka aliingia peke yake. Shemasi akataka kuvua viatu amsaidie, Kaka akamkatalia, akasema atamaliza tu.

Wa mwisho alikuwa mfugaji mmoja wa Usangu, mtu wa miraba minne. Kaka akamlaza majini, halafu akashindwa kumwinua. Mkono ulikataa. Yule baba akainuka mwenyewe, anapangusa uso, anatabasamu, na nyuma yake kaka yangu anazama. Kwaya bado inaimba.

Walimtoa akiwa hai. Kiharusi. Upande mmoja wote ulikuwa umekufa.

Hospitalini wifi yangu, mke wa Kaka, ndiye aliyenimaliza. Akaniambia, "Wifi, kaka yako ana presha siku nyingi. Daktari alimwambia apunguze kazi, la sivyo atapotea. Ndiyo maana aliomba mwenzake. Hakutaka tu mjue, hasa wewe, alisema utalia."

Niliondoka pale nikaenda kukaa ukutani huko nje. Kumbe kile kiti nilichokuwa nakipigania, mwenyewe alikuwa anaomba apate pa kuegemea.

Alipoanza kuongea kidogo kidogo nikamwambia kila kitu. Firigisi, simu za wagonjwa, vijana wa kwaya ambao hawakuwahi kuambiwa lolote. Nilitegemea atanifukuza. Alitazama dari, machozi yakamtoka kwa jicho moja. Akasema kwa shida, "Kwa hiyo mtoto wa watu nilimfukuza bure."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akasema, "Siyo mimi. Nenda kwa washirika."

Nikaenda. Nilisimama kwenye kikao nikayasema yote, hata ile ya kula firigisi, na hakuna aliyecheka. Wameniweka chini ya nidhamu. Jikoni siingii, meza ya Bwana sishiriki, nakaa benchi la nyuma. Hilo halinisumbui, nilistahili.

Siku hiyo hiyo wakapiga kura upya, wachungaji wawe wawili. Safari hii nilinyoosha mkono mpaka kwapa likauma. Mimi na mashemasi tukatumwa Kalenga kumrudisha.

Tulimkuta shambani anavuna mahindi. "Kamwene," akatusalimia kwa Kihehe, akanipokea mkoba, mimi yule yule. Nikapiga magoti kwenye mabua nikamwambia. Aliniinua.

"Mama, nimekusamehe. Mzee nitakuja kumwona, ni baba yangu. Lakini kazi ile sirudi. Mke wangu akisikia jina la Mbeya tu halali. Na mimi nikisimama mimbarani sasa natafuta nani ananisema."

Mkewe alitusalimia kwa mbali, akaingia ndani na mtoto.

Tumejaribu kuita wengine. Wanauliza habari zetu, wanasikia, wanasema watatuombea. Tulikuwa tunabishana wachungaji wawe mmoja au wawili, leo hatuna hata mmoja. Usangu wale wafugaji wanakutana wenyewe, wanaimba, wanatawanyika.

Wewe mwenye kaka mchungaji, au mume, au mtoto, nakusihi. Akisema amechoka, mwamini. Akiomba mwenzake, mpikie huyo mwenzake vizuri. Usimlinde kama nilivyomlinda mimi.

Kila Jumapili asubuhi namvalisha Kaka koti, namfunga vifungo, kwa sababu mkono wake hauwezi. Ananiuliza, "Leo anahubiri nani?" Namjibu hakuna. Wiki inayofuata ananiuliza tena.