Siku Niliyompelekea Mtani Picha Zangu

Aibu hii nimeificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa mtaa wetu wote hapa Tabora unaijua na unaisimulia vibaya (kuna anayesema nililia, mimi sikulia, lilikuwa jasho), bora niisimulie mwenyewe, tena niisimulie sasa hivi nikiwa bado na hasira, maana hasira ikipoa nitaanza kuwasamehe watu ambao bado sijaamua kuwasamehe.

Mimi napenda kupiga picha. Kamera yangu niliinunua mtumba, ile ya kuning'iniza shingoni, siyo simu, na tangu siku niliyoipata nilipiga kila kilichosimama na vingi vilivyokuwa vinakimbia, mtoto wangu Gift nimembeba mgongoni kwa kitenge, kamera ipo mbele, watu wakiniona wanasema huyu mama ana mizigo pande zote. Sikujali. Nilikuwa napiga, nasafisha picha mjini, naziweka kwenye bahasha, nazitazama peke yangu nikitabasamu kama mwehu.

Sasa wifi yangu Nyamizi akapata mchumba, kamati ya harusi ikaundwa, na mimi nikataka kitu kimoja tu katika harusi ile: nipige picha mimi. Wengine wagombanie sare na sufuria, mimi nipewe picha. Nilijua nikiipata harusi ya Nyamizi zitafuata nyingine, na nitaacha kuitwa mke wa fundi baiskeli, nitaitwa mpiga picha. Ila kulikuwa na watu kwenye kamati waliotaka mtu wa studio, na kikao cha kuamua kilikuwa Jumapili kwa mama mkwe, nami sikutaka kwenda pale kubahatisha. Nilitaka kwanza mtu anitazame usoni aniambie kweli, picha zangu ni nzuri au ni mbaya.

Wenzangu, tafuteni vyote, ukweli msiutafute kwenye ukoo wa mume.

Nilianza na mume wangu mwenyewe, Baba Gift. Akasema, "Ziko vizuri." Nikamwambia hujaangalia. Akaangalia, akasema, "Ziko vizuri sana." Jirani yangu akasema mashallah. Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, akasema picha ni kipaji na kipaji hutoka kwa Mungu, kisha akakumbuka ana ng'ombe wa kwenda kuwaona (hana ng'ombe). Mama mkwe yeye alizishika moja moja, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Nzuri, mwanangu. Mtoto amenyonya?"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ulioniponza. Niliwaza hivi: watu wote wananionea haya, sasa ni nani duniani asiyeweza kunionea haya? Nikajijibu: mtani.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kupita kwao. Mtani anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa, anakuchukulia kitu chako na unakikomboa kwa kuku, na kwenye msiba anaweza kulala kaburini asitoke mpaka apewe chochote. Na mtani wetu wa karibu ni Bi Mwanahawa, Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume wa reli, mume akafa, yeye akabaki anauza dagaa sokoni na kutusumbua. Jumamosi asubuhi nikachukua bahasha yangu nikaenda.

"Shikamoo Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mpagazi wangu. Mzigo umeutua wapi, au umeutelekeza njiani kama babu zako?"

Nikacheka, nikampa bahasha, nikamwambia nataka aniambie ukweli kuhusu hizi picha, bila utani.

Akanitazama kama niliyemwomba avue nguo. "Bila utani nenda hospitali. Hapa umekuja kwa mtani."

Akazitoa. Akashika ya kwanza, akauliza huyu ni nani, nikasema baba mkubwa. "Kichwa kakiuza?" Ya pili. "Na huyu?" Nikasema mama mkwe. "Basi huyu mbuzi ndiye mkweo, maana ndiye anayeonekana." Kila picha na tusi lake. Hata ile ya Nyamizi anacheka uani, ambayo mimi naipenda mpaka leo, akasema mbaya, meno yamezidi. Nikamuuliza, sasa ipi nzuri? "Hakuna. Na wewe mwenyewe ni mbaya, nani alikuoa?"

Ndipo nilipoona nimekosea njia, kwamba mtani husema mbaya hata kwa kilicho kizuri, ndiyo kazi yake, kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale sokoni nimetukanwa vya kutosha na bado sijui lolote. Nikanyoosha mkono anirudishie. Yeye akaitia bahasha kifuani. "Hizi mateka. Utazikomboa kwa jogoo." Nikajua anatania (bila shaka anatania, ni mtani), nikaondoka.

Jumapili kikao kikaanza. Maji ya kunawa yakapita, sare zikajadiliwa mpaka watu wakasinzia, kisha baba mkubwa akasema sasa tuje kwenye suala la picha. Nikasimama, Gift mgongoni, hotuba yangu nimeipanga vizuri, nikafungua mdomo, na kabla sijatoa neno akaingia mtu asiye na kichwa.

Alikuwa Bi Mwanahawa, amejifunika khanga kuanzia utosini, anapapasa ukuta, anagonga viti, anawaangukia watu. "Shikamooni. Mimi ni baba mkubwa. Kichwa changu nimekisahau kwenye kamera ya mkwe." Kisha akavua khanga, akatoa picha zangu kifuani, akazigawa kwa watu kama karanga, akaanza kupita kwa kila mmoja, anasimamisha kidole gumba mbele ya uso wake, anauliza, "Huyu ni nani? Kidole. Na huyu? Kidole tena. Ndugu zangu, tumealikwa kwenye harusi ya nani? Ya kidole."

Mimi nikawa sielewi, kidole gani. Nawaapieni nilikuwa sielewi. Kwenye picha zangu nyingi kuna kitu cha rangi ya chai pembeni, hakina umbo, nami siku zote nilidhani ni mwanga wa jioni umeingia kwa uzuri, hata nilikuwa najisifia moyoni kwamba naujua mwanga. Na wakati nimesimama hivyo najiuliza kidole gani, Gift akanyoosha mkono wake juu ya bega langu, umelowa mate, akauweka katikati ya macho yangu.

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mtu mmoja alitoka nje akiwa ameshika mbavu. Nyamizi alicheka akiwa ameuma khanga. Baba Gift, mwanamume ninayempikia, alijificha nyuma ya sufuria.

Nikakasirika. Hasira ya kweli. Nikamwambia Bi Mwanahawa atoke, nikamwita Mzaramo asiye na haya, nikamwambia aende akawachekeshe wafu wake kwao Kisarawe. Na palepale kicheko kikakatika, kwa sababu mtani hakasirikiwi, ni mwiko, ni sawa na kumpiga mgeni sahani ya usoni.

Baba mkubwa akakohoa. "Mkwe, umemkasirikia mtani. Faini jogoo."

"Sitoi jogoo," nikasema, "mpaka mtu mmoja humu ndani aniambie picha hizi ni nzuri au ni mbaya."

Wakatazamana. Halafu wote, kama waliovutwa kwa kamba, wakamtazama mama mkwe.

"Mwambieni," akasema.

"Wewe ndiye uliyetukataza," akasema baba mkubwa.

Mama mkwe akashusha pumzi, akanigeukia kwa upole uliozidi kunichoma. "Mwanangu, unanyonyesha. Mama akitiwa uchungu maziwa yanaharibika, mtoto anaharisha. Nilipita nyumba kwa nyumba, mpaka kwa jirani yako, nikasema mtu yeyote asikwambie ukweli mpaka Gift aache ziwa."

"Kwa hiyo ni mbaya."

"Mbaya mno. Mbuzi tu ndiye aliyetoka vizuri."

"Na huyu Bi Mwanahawa hukumkataza?"

"Mtani anakatazwaje?"

Nikamtazama mume wangu. Akasema, "Mimi nilitaka kusema." Nikamwambia anyamaze.

Kura zikaenda kwa mtu wa studio, zote, hata ya Baba Gift, niliuona mkono wake ukipanda polepole kama wa mwizi. Jogoo nilitoa. Bi Mwanahawa akamkwapua, akamtazama miguu, akasema naye ni mbaya, na alipofika mlangoni akageuka: "Mpagazi, tua mzigo kwanza ndipo upige." Watu wakacheka tena. Mimi nilikaa na neno lile usiku kucha, kwa sababu katika maneno yote niliyopewa na watu wazima wenye akili zao, lile ndilo pekee lililonifaa.

Nikamtua Gift. Nikawa namkalisha mkekani na kipande cha muhogo, napiga, na vichwa vikarudi mahali pake kimoja kimoja. Alipoanza kuniuma nikamwachisha ziwa, na mnajua jambo la kwanza nililofanya? Nilimpelekea mama mkwe bahasha. Akasema hii ina giza, hii umemkata mguu, hii nayo kwa nini uliipiga. Sijawahi kupewa zawadi kama ile. Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi, na kila wiki nikawa nakwenda nasemwa, narekebisha, nakwenda tena.

Mpaka juzi. Nilikuwa jikoni kwake, akafunua chungu cha dagaa, harufu ikanipiga, nikakimbilia nje nikatapika ukutani. Niliporudi alikuwa ameketi anazipitia picha zangu, na juu kabisa ilikuwa ile niliyoipiga nikiwa nimejikwaa, nusu ni udongo na nusu ni kandambili yangu, iliingia kwenye bahasha kwa bahati mbaya. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akanitazama tumboni.

"Hii, mwanangu, hata studio hawaiwezi."

Basi. Nimeapa, mpaka huyu anayekuja azaliwe, anyonye na aache, simuulizi tena mtu yeyote wa ukoo ule kitu chochote, hata kama chumvi imekolea. Najua watakachojibu.