Nilivyofuata sosi ya Mama Sifa mpaka Nyakabere kwa ajili ya mama mkwe wangu

Wakuu, amani kwenu kutoka Uvira, upande wa Kongo, pale ziwa Tanganyika linapoishia kaskazini.

Humu mimi ni mtu wa kusoma na kuondoka. Shule niliishia darasa la sita, kazi yangu ni kushona viatu hapa Kimanga, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mnivumilie. Ila haya yamenipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Bibi yangu alifariki miezi saba iliyopita. (Kwetu bibi ni mke, ndugu zangu wa Tanzania msije mkadhani naongea juu ya nyanya yangu.)

Hatukuwa na mtoto. Nyumbani alibaki mama yake, aliyekuja kutoka Lubarika kwa ajili ya matanga, na matanga yalipoisha hakuwa na pa kurudi. Bibi yangu ndiye alikuwa mtoto wake wa mwisho aliye hai.

Watu walisema. Mke amekufa, unafuga mama mkwe wa nini? Niliendelea kushona viatu.

Shida ilikuwa kula.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Ni heshima, ndivyo tulivyolelewa. Nyumba yangu ina vyumba viwili na pazia katikati. Nilikuwa naweka sahani mlangoni, nakohoa, naondoka. Baadaye nakuta sahani imerudishwa imefunikwa.

Wiki za mwanzo ilirudi tupu. Nikashukuru Mungu, nikasema mama anakula.

Halafu siku moja nilirudi mapema kutoka kazini nikakuta bata wa jirani wamejipanga chini ya dirisha lake kama watu wanaongojea misa. Ndipo nikaelewa nani alikuwa anakula.

Nilipomtazama vizuri siku ile, niliona bega lake limebaki mfupa na kitambaa. Niliogopa. Nilijua nikimzika huyu pia, hakuna mtu mwingine duniani atakayemtaja bibi yangu mbele yangu.

Sasa sosi.

Wa Kimanga watakumbuka. Mama Sifa alikuwa anachoma mikeke, wale samaki wa ziwa letu, karibu na maji. Samaki wake alikuwa wa kawaida, sitadanganya. Watu walifuata sosi. Mawese, kitunguu, tomati, ndagala zilizotwangwa (dagaa, nyie mnavyosema) na pilipili ya kuchoma. Alikufungia kwenye kasashe, kamfuko kadogo ka plastiki, ukibeba nyumbani bado kanakuunguza mkono.

Wakati wa matanga alituletea tusashe tuwili. Siku hiyo tu ndiyo mama mkwe wangu alikula bugali (ugali) mpaka nusu. Wanawake waliokuwa naye ndani waliniambia.

Baadaye maji ya ziwa yalipanda, yakachukua kibanda cha Mama Sifa na vingine pale pembeni. Yeye akahamia Nyakabere kwa kaka yake, kulima. Sosi ikaisha mjini.

Nikasema, nitaipika mwenyewe. Ni vitu vitano tu, na vyote naviona sokoni.

Wakuu, nilipika mara sita. Ya kwanza ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Ya pili ilikuwa na maji, tomati inaogelea juu. Nikaongeza ndagala, ikanuka. Nikanunua tomati ya boksi (ya kopo), ikawa tamu kama ya watoto. Bata wa jirani walinenepa sana kipindi hicho.

Mwisho nilipanda moto (pikipiki) mpaka Nyakabere. Nilibeba sabuni na sukari, na karatasi na bic ya kuandika vipimo.

Nilimkuta Mama Sifa uani anamenya mihogo. Alinitazama kwa muda.

"Weye njo ule wa viatu? Wa Kimanga?"

"Ni minye, mama."

"Bibi yako alikuwa ananisumbua! 'Ongeza mama, ongeza, hii ni sosi ao ni machozi ya kuku?'" Akacheka, halafu akakumbuka. "Pole, baba."

Nilimweleza shida. Nikatoa karatasi. Nikauliza mawese ni vijiko vingapi.

"Vijiko?" Akaita mke wa kaka yake. "Kuya usikie! Huyu mwanaume iko natafuta vijiko! Banaume banaanza kupika, na bado wanaandika!"

Walicheka mpaka mimi pia nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Nikamwambia, mama, kama ni siri yako, nitarudi tu, sitakasirika.

"Siri ya nini? Benye walikuwa wanakula walitawanyika. Ikaa."

Akaweka sufuria kwenye moto, akamimina mawese bila kupima. Kisha, wakuu, akaipa sufuria mgongo. Akaendelea kumenya mihogo na kuniuliza habari za Kimanga, nani alihama, nani alibaki.

Mimi nilikuwa naikodolea macho ile sufuria, naogopa itaungua. Yeye hakugeuka hata mara moja.

Katikati ya neno akanyamaza. "Ngoja."

Akageuka, akatia kitunguu. Akageuka tena kwenye mihogo, akaendelea na lile neno alipoliachia.

Tukaongea. Tena katikati: "Ngoja." Akatia tomati.

Nikamuuliza, mama, unajuaje bila kuangalia, na hata kuonja hauonji?

"Sufuria inanyamaza mara tatu. Mawese ya mashamba iko na maji ndani, inapiga kelele. Maji ikiisha, inanyamaza. Njo unatia kitunguu, inaanza tena. Ikinyamaza, tomati. Hapo itapiga kelele sana, sawa mvua ku mabati, usiogope. Ikinyamaza ya tatu, njo ndagala na pilipili, na unaitosha ku moto, unaiweka chini. Weye ulikuwa unatia wakati iko inasema. Hauwezi kumukata muntu maneno halafu akupende."

Nilikaa pale nikasikiliza. Kweli, ilinyamaza. Si kimya kabisa, ni kama mtu aliyeshusha pumzi. Miaka yote nilikula ile sosi, na sikujua kwamba huyu mama aliipika kwa masikio.

Karatasi yangu nilirudi nayo nyeupe.

Nyumbani nikawasha moto, nikamimina mawese, nikatega sikio. Sikusikia kitu. Redio.

Niwaambie ukweli. Tangu bibi yangu azikwe, redio yangu ilikuwa haizimwi. Habari, mahubiri, matangazo, hata kelele tupu ya mawimbi niliiacha. Nilikuwa siwezi kukaa na ile nyumba ikiwa kimya. Mara zote sita nilipika redio ikipiga.

Nilisimama mbele yake muda mrefu na mwiko mkononi. Halafu nikaizima.

Nyumba ikawa kubwa. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti: "Mukwe, redio imekufa?"

"Hapana, mama. Nimeizima."

"Mungu akubariki," akasema. "Ilikuwa inanichosha, sikutaka kukuambia."

Miezi sita, wakuu! Alivumilia ile kelele kwa heshima yangu.

Nikapika. Nikasikia ya kwanza, ya pili, na mvua ya tomati ikaja vilevile alivyosema. Nilingoja ya tatu kama naingia mtihani. Ilipokuja nilitia ndagala, na ikapanda harufu ileile ya kibanda cha Mama Sifa.

Niliweka sahani mlangoni, nikakohoa, nikatoka nje, nikakaa uani nimegeukia ukuta.

Bila redio, kila kitu kilisikika. Nilisikia amekaa. Halafu hakuna kitu. Halafu nikasikia vidole vinakwangua sahani.

"Mukwe."

"Naam, mama."

"Hii sosi, nani alipika?"

"Ni minye."

Nikasikia vidole tena kwenye sahani.

"Umesahau chumvi."

Kweli nilisahau. Nikasimama kumletea.

"Leta chumvi, na bugali ingine. Na weye sahani yako iko wapi? Utakula saa ngapi, mutoto wangu? Ikaa upande wako, minye nikae wangu. Pazia iko, hakuna mutu atatuona."

Tukala hivyo, pazia katikati. Alianza kunihadithia bibi yangu alipokuwa mtoto Lubarika, na mimi nilijibu nikitazama kitambaa. Sasa ndivyo tunavyokula kila siku. Bega lake limeanza kujaa.

Nilichojifunza ni kidogo: nilidhani kimya ndicho kitaniua, kumbe kulikuwa na mtu ndani yake akiningoja.

Aliyewahi kuishi na mkwe baada ya msiba, naomba aniambie waliwezaje. Na anayejua sosi ya mawese inakaaje zaidi ya siku mbili bila friji, aandike hapa chini, nasoma yote.