Sabato Bila Mlinzi

Wezi wa vyuma hawakuanza na transfoma yetu. Walianza na bomba la chemchemi kule bondeni, lile lililochomekwa ukutani ili mtu akinge ndoo yake bila kuchafua maji. Tulienda asubuhi tukakuta tundu tupu. Tukalaani, tukachomeka kipande cha gome la mgomba, maisha yakaendelea. Kisha zikaondoka reli za daraja la miguu, zile tunazoshika tukivuka na vikapu vya majani chai mgongoni. Kisha kibao cha barabarani kinachoonya kwamba mbele kuna kona mbaya. Jamani, mtu anang'oa kibao cha kona! Anakipeleka kwa mwenye mizani, kinapimwa kwa kilo, na mwenye mizani haulizi kimetoka wapi. Huyo wa mizani ndiye ninayemchukia zaidi. Mwizi huenda ana njaa. Yeye ana duka.

Kwetu ni mlimani, mwendo mfupi wa boda kutoka Ekerenyo. Baba yangu, ambaye tulimwita Tata kama watoto wote wa Kigusii, alitumia ujana wake kule Tabaka akichonga mawe. Viboko, tembo, bakuli, sahani za kuwekea sabuni. Vumbi la mawe yale ni laini kama unga wa wimbi, naye alilivuta miaka yote bila hata kitambaa puani. Alipozeeka likamdai. Kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari ya kupumzika njiani. Ndugu zangu wakachanga, wakamletea mashine ya oksijeni ya kutumia stima, na mimi kitindamimba nikarudi nyumbani na cherehani yangu kumtunza.

Mashine ilikaa kando ya kitanda ikinguruma mchana kutwa, ikimpulizia hewa kupitia mrija wa puani. Stima ikipotea ililia piii, nami nilikimbia kumhamishia kwenye mtungi mdogo wa akiba. Mtungi ule haukuwa wa kukaa nao. Ulikuwa wa kumvusha tu mpaka stima irudi. Majirani stima ikikatika walilalamikia televisheni. Mimi nilihesabu pumzi za baba yangu.

Basi transfoma ya kijiji cha ng'ambo ilipotobolewa, mafuta yakamwagwa na shaba ikabebwa, wanaume wa kwetu wakapanga zamu za kulinda yetu. Mkutano ulifanyika uani kwetu kwa sababu Tata hangeweza kwenda mbali na waya wake, na bila Tata hakuna lililoamuliwa. Alikuwa mzee wa kanisa. Mlima wetu karibu wote ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, jembe linawekwa chini, chakula kimeshapikwa, viatu vimeshang'arishwa, na mpaka Jumamosi jua lizame tena hakuna kazi. Zamu zikapangwa vizuri kabisa, zikafika Ijumaa jioni, zikakwama.

Jirani yetu, mzee Mkatoliki aliyekua pamoja na Tata, akainuka. "Jumamosi niachieni mimi. Nyinyi nendeni mkasali. Jumapili mtanishikia."

Mimi moyoni nikasema, haya, Mungu ametuonyesha njia. Tata akatikisa kichwa.

"Asante, ndugu yangu. Lakini zamu ni yetu. Ukikaa pale siku ya Sabato, umekaa kwa niaba yetu, na kazi hiyo ni yetu. Amri ya Sabato inamkataza kazi hata mgeni aliye kwetu."

"Mgeni? Mimi nimezaliwa hapa kabla yako!"

Watu wakacheka. Tata naye akacheka, kikohozi kikamshika, tukamngoja. Kilipotulia akasema, "Mungu anajua kuilinda siku yake."

"Tata, wezi hawana Sabato," nikasema kutoka mlango wa jikoni.

"Mama," akaniita. Aliniita hivyo kwa mapenzi, na aliniita hivyo akitaka ninyamaze. Safari hii yalikuwa yote mawili. Nikarudi jikoni nikagonga sufuria moja baada ya nyingine mpaka mkutano ukaisha. Hakuna aliyeuliza nina nini. Walijua.

Jumamosi ile haikuwa na dalili yoyote. Jua lilikuwa zuri. Watu walishuka na Biblia zao, wakitusalimu kwa sauti kutoka njiani, "Sabato njema!" Mimi sikwenda, nilikuwa siwezi kumwacha. Tulizoea kusikiliza ibada kupitia spika za kanisa, sauti ikivuka bonde na kuingia dirishani. Tata aliketi kwenye kiti chake akiimba kwa midomo tu.

Katikati ya wimbo spika zikanyamaza. Mashine ikalia piii.

"Itarudi," Tata akasema, nami nikamhamishia kwenye mtungi. Wiki ile stima ilikuwa imetuchezea sana, mtungi ulikuwa umebaki nusu. Mara tukasikia jenereta ya kanisa ikiwashwa, wimbo ukaendelea pale ulipokatikia. Tata akatabasamu. Akapiga kidole kwenye mkono wa kiti kufuatisha mdundo. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa mtungi.

Wimbo ukaisha, mahubiri yakaanza, stima haikurudi. Mshale ulikuwa unashuka. Nikamwambia nakwenda kuchungulia, nisingechelewa. Nikashuka mbio kwa kandambili hadi njiapanda ilipokuwa transfoma yetu.

Ilikuwa chini. Walikuwa wameifungua na kuikomba kama sufuria ya pilau ya harusi, wakaliacha ganda. Mafuta yalikuwa yametapakaa kwenye majani ya ng'ombe hadi mtaroni. Kando yake alisimama jirani yetu, jembe mkononi, maana yeye Jumamosi hulima.

"Walikuja na lori," akasema bila kunitazama. "Ovaroli, kofia ngumu, ngazi, kila kitu. Nikawauliza, wakasema wanaitengeneza. Nilitaka kusimama nao niwaangalie." Akaegemea jembe lake. "Lakini si mlisema Sabato nisikae hapa?"

Nilimwambia tu, "Mtungi unaisha," nikakimbia.

Niliingia kanisani na aproni, kichwa wazi, matope hadi magotini. Mchungaji alikuwa amenyoosha mkono juu. Nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Zimeni jenereta! Mnipe jenereta! Tata hana hewa!" Watu waligeuka wakanitazama kama nimerukwa na akili. Spika ilikuwa bado inavuma. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka vibaya, nikalia mbele ya kanisa zima. Ndipo wanaume wakainuka. Walivua makoti ya suti wakayatupa kwenye viti, wakaibeba jenereta begani wakapanda nayo mlima. Hakuna aliyesema neno kuhusu Sabato. Njiapanda walimkuta jirani, akatupa jembe akashika pembe moja. Mzee wa umri ule! Nilimsikia akihema nyuma yangu.

Tata alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, amepiga magoti ameegemea kitanda. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala. Nilimkumbatia kwa nyuma nikamwinua kifua, nikamwambia, "Vuta, Tata. Vuta." Kulikuwa hakuna cha kuvuta. Nje walikuwa wanavuta kamba ya jenereta, ikikohoa, ikizimika. Ilikuwa imelazwa njiani, petroli imefurika ndani yake. Wakavuta. Ikakohoa. Wakabadilishana, wakavuta tena. Mimi nilimtukana Mungu kwa Ekegusii, kwa sauti, na mchungaji alikuwa mlangoni akisikia. Sijutii.

Ikashika. Mashine ikalia, ikaanza kunguruma. Baada ya muda Tata akafungua macho, akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, mashati meupe yameloa jasho na grisi. Alipofika kwa jirani hakuendelea. Alimtazama huyo tu.

Tulimpeleka hospitali jioni ile kwa gari la kukodi. Kabla ya kuondoka, sijui kwa nini, nilichomoa plagi ya mashine kwenye jenereta nikairudisha ukutani. Nadhani nilitaka aikute tayari akirudi.

Hakurudi. Mapafu yake hayakuwa na akiba ya kupoteza, ndivyo daktari alivyonieleza kwenye korido. Siku ya mwisho aliniita kwa kidole, nikainama.

"Wakileta nyingine," akasema, akapumzika. "Jumamosi. Mwambie akae."

"Nani, Tata?"

"Ndugu yangu."

Nilifikisha ujumbe siku ya mazishi, pale pale kando ya kaburi, chini ya migomba. Jirani alivua kofia akauficha uso nayo, akalia mbele ya watu kama mtoto. Kanisa nalo lilikaa likazungumza, na safari hiyo hakuna aliyetaja amri. Ilibidi tumzike mtu ndipo tukubali msaada wa jirani. Nililisema hilo mkutanoni. Wengine walikasirika, na wakasirike.

Transfoma mpya ilichukua muda mrefu kuja. Tulikaa gizani, nikashona kwa kukanyaga, nikazoea nyumba isiyonguruma. Chumba cha Tata sikukigusa. Nilifagia tu nikafunga mlango. Siku mafundi walipokuja, wa kweli, jirani alisimama nao tangu walipoegesha gari mpaka waliposhuka nguzoni, akiwauliza kila swali. Walimchoka. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga.

Mara nikasikia piii.

Kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimetupa mboga, nimekimbia, nimesukuma mlango. "Tata, nakuja!" nikasema. Mashine ilikuwa imewaka yenyewe pale pembeni, hakuna aliyewahi kuizima swichi, inanguruma kama zamani. Mrija ulikuwa juu ya mto ukipuliza hewa. Mto ulikuwa bado umebonyea kidogo.

Nje jirani alikuwa anapiga kelele kutoka njiani, "Imerudi! Mama, imerudi!" Niliketi kitandani, nikaushika mrija kwenye kiganja, hewa ikanipiga, baridi, nyingi, ya kumtosha. Mashine sikuizima mpaka jioni.