Ncoolo Haidokolewi Njiani

Siku Gikunda alipoenda kuomba mke, aliyebeba ncoolo, ule mzigo wa miraa ya posa, alikuwa rafiki yake Mugambi. Kutoka Mikinduri mpaka kwa wakwe alipanda milima akimeza mate, lakini hakudokoa hata kijiti. Wazee walipofungua yale majani ya ndizi wakakuta miraa iko vile ilifungwa, na Gikunda akapewa binti yao Kinya. Tangu hapo akaamini kwamba Mugambi ni mtu unaweza kumwachia nyama jikoni ukaenda kuoga.

Sasa wote wawili ni wachuma miraa wenye mvi kwa ndevu, na wana ugonjwa mmoja: gemu. Kwa kibanda cha gemu cha Nkirote pale sokoni walimaliza ile ya kwanza, ya wanajeshi wawili wanaotoroka mji unaoungua, wakicheza bega kwa bega. Wakaahidiana ya pili ikitoka wataifungua pamoja, kama mzigo wa posa.

Ya pili ikatoka. Mugambi akasema mgongo unamuuma, wangoje kidogo. Gikunda akangoja.

"Mzee, onja tu," Nkirote akamwambia. "Nani atajua?"

Gikunda akakataa hata kuangalia. Akiingia kununua kredo ya simu alitembea kinyumenyume, asione tivi.

Mwishowe wakaketi. Na gemu ilikuwa tamu, tusidanganyane. Mvua ililowesha koti la mwanajeshi mpaka Gikunda akasikia baridi. Bunduki nayo ilikuwa na uzito, sio kama ya kwanza iliyolia kama bisi kwa sufuria. Kasoro ilikuwa maneno. Watu wa gemu hii wanaongea kama mgeni wa heshima kwa harambee. Unaweka padi ya kuchezea chini utazame sinema, ukiishika tena umesahau kufyatua ni wapi.

"Sura iko, lakini mdomo," Gikunda akasema.

"Vumilia. Huko mbele wananyamaza."

"Huko mbele wapi?"

"Si nakisia tu, bwana."

Wakaingia kiwanda kimoja kilichoachwa. Kimya. Mugambi akajificha nyuma ya pipa, akaelekeza bunduki kwa dirisha la juu, na hakuna mtu alikuwa amepiga risasi. Halafu zikaja, kutoka dirisha lile lile. Gikunda akafa peke yake.

Walipoanza tena, kamanda aliyewalea akawauza kwa adui. Gikunda akapiga benchi ngumi. Kugeuka, Mugambi anachokonoa meno.

"Ulicheza na nani?"

"Kucheza nini?"

"Mugambi."

"Na Antony, shemeji yangu wa Ishiara. Nilienda kumsalimia nikakuta ameweka hii gemu. Nilionja tu."

Nkirote akapunguza redio, asipitwe.

"Ukaonja mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Na mgongo?"

"Mgongo pia ulikuwa unauma."

Kwa skrini walikuwa wametoka nje, wamefika mlango mkubwa wa chuma. Mwanajeshi wa Mugambi alishauegemea.

"Sukuma, mzee. Huu haufunguki na mtu mmoja."

"Mwite Antony," Gikunda akasema. Akalaza padi kwa benchi, akavaa koti lake, akatoka.

Mugambi akabaki amebonyeza, mwanajeshi wake akisukuma na kusukuma. Yule mwingine alisimama kando mikono imelegea, mvua ikimnyeshea.