Bernadine na Lifti ya Basi

Tangu polio ilipompoozesha miguu utotoni, Bernadine Kosciak hakuwahi kupanda basi la jiji. Aliyatazama tu mabasi yakipita, yeye akiwa dirishani kwake. Yeye na wenzake wenye ulemavu waliandamana miaka na miaka wakidai mabasi wanayoweza kupanda, na mabasi yenye lifti ya kuinulia viti vya magurudumu yalipoletwa Chicago hatimaye, aliapa kuwa wa kwanza mtaani kwao kuyapanda. Lakini asubuhi ile ya theluji, basi liliposimama mbele ya kiti chake cha magurudumu, alisita kusogea.

Dereva, jamaa mnene aitwaye Harlan, alikiri kwamba lifti ile aliigusa mara ya mwisho siku ya mafunzo. Akabonyeza kitufe. Bamba la chuma likashuka, Bernadine akajisukuma juu yake, akafunga breki. Likaanza kupanda likitetemeka, na kabla halijafika sakafu ya basi likakwama.

Akabaki hewani, upepo ukimchapa usoni, chini barafu tupu. Hakuthubutu hata kugeuza shingo. Ndani abiria walianza kunung'unika. Mwanamume mmoja akasema watu wana kazi za kuwahi, huyo si angepanda teksi.

Harlan akashuka, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Mama, acha tukubebe. Tutakushusha polepole."

"Msiniguse."

Alishawahi kubebwa. Wanaume wawili, watu wema kabisa, walimwangusha kwenye ngazi za mahakama, na nyonga yake haijapona sawasawa hadi leo.

"Naogopa, kaka," alisema, sauti ikikatika. "Lakini sitoki hapa. Tafuta namna ya kuipandisha."

Harlan akakumbuka mpini wa kuipandisha lifti kwa kupampu kwa mkono inapokwama, akautoa nyuma ya kiti cha dereva na kuuchomeka. Kila alipoushindilia, bamba lilishtuka, na Bernadine akafumba macho akijua safari hii anaanguka. Harlan alipoishiwa pumzi, yule mwanamume aliyetaja teksi alishuka, akaushika mpini na kuendelea kupampu. Kidogo kidogo bamba likalingana na sakafu.

Njia nzima Bernadine hakuona mtaa hata mmoja. Alikuwa ameng'ang'ania nguzo, macho ameyafumba. Wakati wa kushuka lifti haikuleta tabu.

Kesho yake alirudi kituoni. Basi lilipotokeza kwenye kona, alitamani lipite bila kusimama. Akanyoosha mkono kulisimamisha.