Magnus Mwekundu Mlangoni pa Mwaka Mpya

Magnus Isbister alikuwa na nywele nyekundu kama kaa la moto, na pale chuoni Aberdeen hakuachwa apumue. "Zima taa, Magnus, tulale!" Ndivyo walivyomtania wenzake wa chumbani, jioni wakishamaliza Kilatini chao, wamezunguka sufuria moja ya uji wa shayiri, kila mtu na kijiko chake. Naye alicheka pamoja nao. Utani wa watu unaokula nao hauchomi.

Kilichomchoma ni likizo. Desemba ikielekea ukingoni, wenzake walifunga mizigo wakaenda kwao kuupokea mwaka. Kwao yeye ni visiwa vya Orkney, ng'ambo ya bahari isiyochezewa wakati wa baridi. Mwaka uliopita alibaki na mama mwenye nyumba, wakitazamana. Kwa hiyo rafiki yake Wattie Geddes alipomwambia, "Twende kwetu shamba, bwana, mama kashakubali," hakungoja kuambiwa tena. Alitaka kupendwa katika nyumba ile. Alitaka waseme, njoo na mwakani.

Wattie akatangulia. Magnus alipofuata, gari moshi lilikwama kwenye theluji. Badala ya kufika mkesha, akafika asubuhi ya mwaka mpya, kwa miguu, mikono mitupu. Mlangoni hapakuwa na nyayo hata moja. Hakuna aliyeingia bado.

Akasimama hapo hapo. Mila hiyo hata kwao ipo: mguu wa kwanza kuvuka kizingiti ndio unaoleta mwaka, na uwe wa mwanamume mwenye nywele nyeusi, amebeba kitu. Mwenye nywele nyekundu ni nuksi. Na humo ndani alikuwamo Isobel, mke wa kaka yake Wattie, wa kujifungua siku yoyote, na mimba yake ya kwanza iliharibika.

Basi hakubisha hodi. Akajibanza uani, kando ya rundo la mabonge ya mboji, udongo mkavu wa kinamasi unaochomwa kama kuni, akingoja mtu mwenye nywele nyeusi atokee.

Ndani nao walikuwa wakingoja. Kila mwaka mhunzi wa kijijini, mwenye nywele nyeusi, ndiye aliyewafungulia mwaka, na kabla hajaingia mtu, hatoki mtu. Wattie akachungulia dirishani.

"Bibi, si Magnus yule? Anacheza ngoma uani!"

"Hachezi, anatetemeka," akasema Isobel.

"Atetemeke kidogo," akajibu Bibi Elspet, mkubwa wa nyumba. "Mhunzi yuko njiani."

"Kwa theluji hii? Labda afike wakati wa mavuno," akasema Wattie.

Akafungua dirisha kidogo. "Magnus! Jikinge zizini kwa ng'ombe!"

"Ng'ombe nao si wana mimba?" Magnus akajibu, meno yakigongana.

Isobel akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha kicheko kikamwisha, akainuka.

"Kaa chini, mwanangu," Bibi akasema. "Mlango huo usiuguse."

"Bibi, mtoto wa watu anaganda kwa ajili ya mtoto wangu. Nitamlea vipi nikijua hivyo?"

Isobel akavuta komeo.

"Shemeji Magnus, okota bonge la mboji hapo, usije mikono mitupu."

"Siwezi, shemeji. Nywele zangu..."

"Nimeziona. Baridi inatuingia mimi na mtoto. Ingia!"

Hilo la mtoto ndilo lililomsukuma. Akaingia amefumba macho, bonge limekumbatiwa kifuani.

Bibi Elspet aliziangalia zile nywele, midomo yake ikinong'ona sala. Halafu akaona vidole, vyeupe pe, vimeshindwa kuliachia bonge. Akamnyang'anya, akalitupa motoni, akaivuta mikono ile akaiweka ndani ya shali yake mwenyewe, kwapani.

"Mama yako anajua ulivyo mjinga?"

"Anajua, Bibi."

"Na bado akakuruhusu usafiri peke yako!" Akamgeukia Wattie. "Nawe umesimama unatazama nini? Mletee uji. Na mwaka huu ukiharibika, wa kumlaumu ninamjua. Mhunzi!"