Njano Isiyotoka kwa Sabuni

Mama zangu na dada zangu wa Uyole, mmeniomba nisimame nieleze nilivyopona. Nimesimama, ila nina kilio, mnivumilie.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Mimi na dada yangu Atupele tulilima mpunga Ubaruku, tukirudi tunacheka njia nzima. Yeye ndiye aliyekuwa mchokozi. Miaka ile ya sabini, sukari ikiwa ya kupanga foleni, nilianza kusikia uzito chini ya mbavu za kulia. Nikakinai chakula. Nikakonda mpaka sketi inadondoka. Atupele akanitania, "Unajiandaa kuolewa upya?" Baada ya miezi michache naye akaanza kujishika ubavu uleule. Utani ukaisha.

Tukaenda hospitali pamoja. Daktari hakutuficha. "Ni saratani ya ini, nyote wawili. Bado imekaa mahali pamoja, tunaweza kuikata. Mkichelewa itasambaa." Mimi nilikubali. Atupele aliogopa kisu, akarudi kwa mama.

Mama alikuwa na shamba la manjano. Akamtwangia mizizi mibichi na kumchemshia, asubuhi na jioni. Hata mimi nilipotoka hospitali, mshono wa tumboni bado unavuja usaha, nilinyweshwa kutoka chungu hichohicho. Nilimuuliza daktari kama yanafaa.

"Labda siku moja wataalamu watakuta ndani yake kitu kinachozuia saratani isisambae," alisema. "Mimi leo sijui. Mlete dada yako."

Nilimbembeleza Atupele. Akanionyesha vidole na ulimi, vyote njano, akacheka: "Mdogo wangu, nimeshaiva." Siku macho yake yalipogeuka njano, mama alipiga vigelegele. "Dawa imefika mpaka machoni!" Nyumba nzima ikaamini, maana pale kila kitu kilikuwa njano: kinu, kikombe, shuka, hata mikono ya mama mwenyewe.

Kisha tumbo likajaa maji. Akajikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Tulipomfikisha hospitali daktari alimpapasa kidogo tu, akavua miwani. "Imeshasambaa," akasema.

Alipofariki, tulipokuwa tunamwosha, mama alichukua sabuni akamsugua vidole. Vikatakata. Akamfungua jicho taratibu, akalifuta kwa kitambaa chenye maji, akalifuta tena. "Gwe Atupele, mwanangu, mbona haitoki?" Hapo ndipo alipoelewa kuwa njano ya macho ilikuwa ugonjwa, si dawa. Nililia mpaka mshono ukauma.

Namshukuru Mungu na walionitibu. Nimepona mwili, moyo bado. Watu wanakuja kuniomba dawa ya mama. Jamani, tulikunywa chungu kimoja, mimi na dada yangu. Tofauti ni kwamba mimi nilikatwa. Manjano tieni kwenye mboga, ni matamu. Ila mkiona jicho la mtu wenu limegeuka njano, msishangilie. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Mama yangu yuko pale nyuma, amejifunika kanga. Mliponiomba, ndiye aliyenituma nisimame.